Ni Wangu, Ndiyo Maana

Kisumu, Jumapili, 30 Novemba 2025

Wino bado uko kwenye kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nimefua, nimeosha vyombo, nimesugua kwa ndimu na majivu, na mstari mweusi umekataa kutoka pembeni mwa ukucha. Kila nikipitisha kitambaa chini ya sindano nauona, na kila nikiuona namsikia Mama.

"Ni wangu. Ndiyo maana."

Tangu Alhamisi, siku ya uchaguzi mdogo wa ubunge kwetu Malava, nayatafuna maneno hayo na hayamezeki.

Mnajua nilifunga kibanda changu cha kushona sokoni Kibuye Jumatano mchana, na huu ndio msimu wenyewe wa sare za Januari, nikapanda matatu ya Kakamega halafu ya Malava. Baadhi yenu mliniuliza kwa nini sihamishi kura yangu nije nipigie huku ninakoishi. Sina jibu kubwa. Kaburi la Baba liko kule, Mama yuko kule, na barabara ikiharibika kule ni mguu wa Mama unaozama matopeni. Kiti cha ubunge kilikuwa kitupu tangu Malulu Injendi afariki Februari 17. Alikuwa amekikalia tangu 2013, kwa hiyo mwanangu hajawahi kujua mbunge mwingine wa nyumbani kwa nyanya yake. Kisheria, uchaguzi mdogo unapaswa kufanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Lakini Tume ya Uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023, na hawa wapya chini ya mwenyekiti Erastus Ethekon waliapishwa Julai mwaka huu. Ndiyo tukafika Novemba 27. Mama alikuwa akihesabu kwa njia yake: mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, yamevunwa, na kiti bado hakina mtu.

Basi Alhamisi tuliamka mapema. Usiku kulikuwa na vurugu sehemu kadhaa za eneo bunge na simu zililia mpaka alfajiri, kila mtu akimwonya mwenzake asipite njia fulani. Mama akasema yeye atapita njia yake ya siku zote, ile ya pembeni mwa miwa. Alivaa leso mbili na sweta ya Baba. Akanishika kiwiko, maana jicho lake la kulia limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho na la kushoto linaona vivuli tu.

Njiani nilimweleza kila kitu. Nilimwambia safari hii karatasi ni moja tu, ya kijani, ya mbunge. Nikamwambia nitasimama naye, nitamsomea majina yote polepole na kumweleza picha, na yeye atanigusa mkono nikifika kwa mtu wake. Nilikuwa nimelipanga vizuri jambo hili, hata nilikuwa nimekwisha kukata kucha nisije nikachafua karatasi yake. Yeye alinyamaza njia nzima. Nilidhani amekubali.

Kituo chetu ni ile shule ya msingi niliyosomea darasa la kwanza. Wazee wanapitishwa mbele, kwa hiyo hatukukaa kwenye foleni. Karani akachukua kitambulisho cha Mama, akaweka kidole chake kwenye mashine. Kidole cha mkono wa jembe hakisomeki upesi. Kikakataa mara ya kwanza na ya pili, kikakubali mara ya tatu, na picha yake ikatokea, Mama wa miaka mingi iliyopita mwenye macho mawili mazima. Nilifurahi kuiona. Nilikuwa bado nimeikodolea macho picha hiyo wakati msimamizi wa kituo, kijana mpole sana, alipoinama akamuuliza Mama kwa sauti ya juu kidogo, kama watu wanavyowasemesha wazee:

"Kukhu," yaani nyanya, "nani atakusaidia kuweka alama?"

Mimi tayari nilikuwa nimenyoosha kitambulisho changu. Mama akageuza uso kuelekea mlangoni, kwenye foleni, akanusa hewa, wallahi alinusa, kisha akasema:

"Yule wa mandazi yuko?"

Akaitika msichana wa tatu kwenye foleni, mjukuu wa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, yule anayechoma mandazi pale njia panda. Ana miaka kumi na tisa. Mkono wa sweta yake ulikuwa na unga.

"Nataka huyo," Mama akasema.

Msimamizi akanitazama, akatazama kitambulisho changu, akaona jina la Baba. "Na huyu si binti yako, kukhu?"

"Ni wangu. Ndiyo maana."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linalonitesa. Angekuwa amekasirika ningejua pa kushika. Alisema kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango wa ghala akajibu kwamba kuna mahindi ndani.

Sheria iko upande wake, najua. Mpiga kura asiyeona au asiyejua kusoma anamchagua mwenyewe wa kumsaidia, alimradi asiwe mgombea wala wakala. Mtu huyo anajaza fomu namba 32 na kuahidi kutunza siri, wala haruhusiwi kumsaidia mtu wa pili siku hiyo. Yule msichana alitia sahihi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Mimi nikaambiwa nisimame kando ya ukuta.

Niliwaona kwa nyuma. Migongo miwili imeinamia kile kibanda cha karatasi ngumu, mmoja mwembamba, mwingine wa sweta ya Baba. Sikusikia neno. Niliona mkono wa Mama umeshika kifundo cha mkono wa msichana, si kwa kukaza, kama anavyopima homa ya mtoto. Kisha wakatoka. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara mbili. Msichana alimfikisha kwenye debe lenye kifuniko cha kijani akarudi nyuma hatua moja, hakumshika. Mama akapapasa kifuniko kwa vidole, akaenda kushoto, akarudi, akaupata mwanya, akaingiza karatasi yake mwenyewe, na akabaki ameweka kiganja juu ya debe kwa muda kidogo kabla ya kunyoosha kidole kipakwe wino.

Mawakala walikuwa wameketi kwenye madawati yao wakitazama. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilipiga yangu kwenye mkondo wa pili, na siwezi hata kukumbuka nilivyoikunja.

Njiani kurudi alizungumza juu ya bei ya miwa na juu ya ndama. Nilimjibu ndiyo, hapana, ndiyo. Moyoni nilikuwa naorodhesha, na naona aibu kuandika haya lakini niliorodhesha: dawa ya macho naituma mimi kila mwezi, mabati ya jikoni niliyanunua mimi, nauli ya Alhamisi niliitoa kwenye pesa ya kitambaa cha wateja. Na siku ya kumwamini mtu kwa karatasi moja anamwita msichana wa mandazi.

Ijumaa asubuhi niliondoka. Matokeo yakatangazwa, David Ndakwa wa chama cha UDA kura 21,564 na Seth Panyako wa chama cha DAP-K kura 20,210, Ugunja na Kasipul nao wakapata wabunge wao, na kwenye matatu nusu ya abiria wakawa wanapiga vigelegele na nusu wametazama dirishani. Mdogo wangu wa Webuye amejifungua mtoto wa kike salama, na mwenye kibanda ameniambia kodi inapanda Januari. Yote hayo yalipita mbele yangu kama trekta za miwa zinavyopita. Mimi nilikuwa nayapima yale maneno yake. Je, uzito ulikuwa kwenye "wangu"? Au kwenye "ndiyo"? Kutoka Kakamega mpaka Chavakali niliyasema kimoyomoyo kwa kila mlio. Pengine alimaanisha: ni wangu, simtaki aingizwe kwenye mambo ya watu. Kwa mlio mwingine yalitoka: ni wangu, atanionea haya. Niliyageuza kila upande na kila upande ulichoma.

Usiku huo nilikuwa napinda upindo wa sketi za kijivu, ya saba au ya nane, wakati lilipokuja. Halikuja kama wazo. Ilikuja sauti ya birika.

Agosti 9, 2022. Wale mnaonisoma tangu mwanzo mnakumbuka Baba alikuwa hai. Siku ile mimi ndiye niliyemsaidia Mama. Kakamega tulipewa karatasi tano badala ya sita, kwa sababu kura ya ugavana iliahirishwa hadi tarehe 29 baada ya mkorogano wa picha kwenye karatasi. Fomu ile ile niliijaza mimi. Nilitia sahihi kwa mwandiko mzuri. Jioni tukakaa nyumbani, Baba, kaka yangu mkubwa na mkewe, watoto, mimi. Kaka alikuwa amezunguka wadi nzima miezi mitatu akimpigia debe mgombea wa udiwani, shemeji yake. Akawa anajigamba kwamba boma letu zima limempa. Na mimi, nikiwa nimeshiba na nimefurahi kuwa nyumbani, nikasema huku nacheka:

"Si boma zima. Muulize Mama."

Mama alikuwa anamimina chai. Mdomo wa birika ukainuka, chai ikakatika, hata tone halikumwagika. Akangoja kidogo. Halafu akaendelea kumimina, kikombe baada ya kikombe, mpaka cha mwisho, na akatoka nje kama anayeenda kufungia kuku.

Hakunigombeza usiku ule wala baadaye. Lakini msimu uliofuata ng'ombe wa kaka wa kulima hawakufika shambani kwa Mama, na alilima robo ekari kwa jembe, yeye na Baba aliyekuwa tayari anakohoa. Mke wa kaka alihama benchi kanisani. Mambo hayo yalipoa kwenye matanga ya Baba tu. Mimi nilikuwa nimesharudi Kisumu siku ya pili baada ya uchaguzi ule. Niliyasikia yote kwa simu na nikamlaumu kaka. Nilimlaumu kwa miaka mitatu! Hata humu niliandika kwamba siasa imemharibu.

Niliiacha sketi pale, sindano imezama kwenye kitambaa.

Niliiuza siri ya mama yangu kwa kicheko cha mezani. Hana kusoma, hana macho, mwana wake wa kiume anamhesabu kwenye kura zake bila kumuuliza, na kitu kimoja tu alichokuwa nacho ambacho ni chake peke yake nilikitoa mimi, mwenye kiapo. Naye alingoja miaka mitatu na miezi mitatu, akanitembeza mpaka mlangoni, akanishika kiwiko njia nzima, na mbele ya watu akanitambua kuwa mimi ni wake. Hakunikana. Hakumwambia yule kijana kwamba binti huyu hana kifua. Angeweza kusema, na ingekuwa kweli.

Sasa nikiyasikia yale maneno hayachomi pale pale. Yanauma mahali pengine, chini zaidi, na maumivu haya nayakubali.

Jana jioni nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Mama, ile siku ya 2022, ile chai..." Akasema mtandao unakatika. Nikarudia. Akasema yule msichana alimletea mandazi sita asubuhi na akakataa pesa, na kwamba hajamwuliza hata kama alifika salama kwenye foleni yake akapiga kura yake mwenyewe. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Wino umetoka?" Nikamwambia bado. "Wangu pia bado," akasema, na salio likaisha.

Nitakwenda Krismasi. Nitaisema ana kwa ana, jikoni, asipokuwapo mtu, na kaka naye nitamwambia makosa yalikuwa yangu. Nimeandika hapa ili nisije nikaghairi.

Mvua imeanza na kijana wangu hajarudi kutoka mazoezini. Tangu amalize KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mapema mwezi huu haongei juu ya kingine ila raga, na ameniapia kwamba alijaza mkondo wa michezo na sanaa kwa sababu anataka siku moja kuvaa jezi ya timu ya raga ya Kabras. Matokeo hayajatoka. Wao ndio wa kwanza kuingia Gredi ya 10 ya mtaala mpya, hakuna kaka wala dada wa mtu yeyote aliyepita njia hiyo nikamwulize. Mimi ninayeshonea watoto wa wenzangu nimekata mita za kijivu, za samawati, za kijani kibichi, na sare ya mwanangu sijui hata rangi, kwa kuwa sijui atapelekwa shule gani. Wenye duka la vitambaa wanasema tukingoja mpaka Januari bei itakuwa imepanda. Leo nimekwenda dukani mara mbili, nimeshika jora la kijivu, nimelirudisha.