Siku moja maishani mwangu: wodi ya sindano, Nanjing

Saa 11 alfajiri. Saa ya Kichina ya viungo, inayogawa usiku na mchana vipande 12 vya saa mbili mbili, inasema sasa ni zamu ya utumbo mpana. Hosteli nzima inakubali, maana foleni ya choo imeshaanza.

Mimi ni kijana wa Unguja, mwaka wa mwisho wa tiba ya Kichina, na niko hospitalini kwa mafunzo ya vitendo. Nyumbani nikitaja sindano, zile nyembamba zisizo na dawa zinazochomwa kwenye pointi maalumu za mwili, nusu ya watu hudhani nasomea uganga, nusu nyingine hudhani nachoma chanjo. Na hapo madaktari wa mkoa huu huu wa Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964!

Saa 1. Zamu ya tumbo: baozi mbili za mboga (maandazi ya mvuke yaliyojazwa), maziwa ya soya ya moto, basi.

Saa 2. Ripoti ya wodi, kisha kupanga trei: pamba, spiriti, sindano za unene wa milimita 0.25, za kutumika mara moja na kutupwa kwenye sefti boksi. Mwalimu hakimbilii kuchoma. Anauliza: unalala? Choo kikoje? Unatoka jasho usiku? Anatazama ulimi, anaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Wa kwanza leo ni mama dereva teksi asiyepata usingizi, ncha ya ulimi wake nyekundu, utando karibu hakuna. Kwa mafundisho ya hapa, yin ndiyo inayopoza, kulowesha na kutuliza. Yang ndiyo inayopasha na kusukuma. Hakuna iliyo mbaya. Usiku yang inatakiwa iingie ndani ya yin ipumzike. Yin ikipungua, yang inakosa pa kulala, nawe unabaki unakodolea dari. Sindano inauchokoza mwili ujirekebishe. Hakuna nguvu inayotoka mkononi mwa daktari. Hilo ningelibandika mlangoni.

Saa 3 na nusu akaingia Babu.

Babu alilala na feni ikimpuliza usoni, akaamka upande wa kushoto wa uso umelegea, jicho halifungi, chai inachuruzika mdomoni. Idara ya mishipa ya fahamu ilishampa vidonge vyake. Sisi tunasema upepo umeingia wakati chi ya kinga, yaani nguvu ya uhai inayoulinda mwili, ilipokuwa dhaifu; wao wanasema mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Faili ni moja, na maelezo yote mawili yameandikwa humo. Babu mwenyewe hana shida na upepo wala mshipa. Shida yake ni mimi.

"Huyu ndiye anayenichoma?"

"Babu, mwalimu atachoma usoni. Mimi mkononi tu."

Kuna ubeti wa zamani kila mwanafunzi anaukariri, kwamba mambo ya uso na mdomo huachiwa Hegu, pointi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikapangusa mkono wake wa kulia, nikaingiza.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Nikaizungusha taratibu. Tunachokitafuta ni chi kufika: mgonjwa asikie ganzi, uzito, kujaa, maumivu ya mbali, na mimi nisikie sindano imeshikwa. Mabingwa wa kale walifananisha na samaki anayegusa ndoana. Nimekulia Mkokotoni, samaki akigusa namjua.

"Bado. Daktari mkubwa akichoma nasikia mpaka kwenye kiwiko."

Nikainua kidogo, nikashusha. Ikashikwa. Babu akasema "Aiya!" wodi nzima ikageuka, halafu akadai anaumizwa. Basi imefika, Babu! Kabla sijajibu simu yake ikaita, akataka kuichukua kwa mkono huo huo wenye sindano. Nikamshikia mimi sikioni, spika wazi, wakati mkewe anasimulia bei ya biringanya soko zima. Mkono wangu ukafa ganzi kabla ya wake. Simu ilipokatika akaanza upya: jirani yake, kwa pesa hiyo hiyo, amechomwa sindano 20, yeye 11 tu, kwa nini? Mwalimu akamwambia siku za mwanzo uso hauchokozwi sana. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemwibia zile tisa. Nusu saa chini ya taa ya joto. Zilizoingia 11, zilizotoka 11. Kila tundu likagandamizwa kwa pamba.

Mchana Wachina wanalala kidogo. Mimi nilibishana na rafiki yangu Mrundi anayesomea upasuaji. Alinitajia utafiti wa Ujerumani wa 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo: sindano za kweli na za kuigiza zote ziliishinda tiba ya kawaida, zenyewe kwa zenyewe hazikupishana sana. Ana haki. Chi sijaiona kwenye darubini na sitarajii kuiona. Naitumia kama ramani, na ramani si ardhi. Lakini wale waliopata nafuu nao ni watu.

Baada ya hapo saa zikachanganyika. Moshi wa majani ya jamii ya pakanga tunayowachomea wenye magoti ya baridi umejaa machoni. Kuumika migongo, kazi ambayo wazee wetu wa pwani wangeifanya wamefumba macho. Kupapasa nywele za bibi mmoja kutafuta sindano ya utosini isisahaulike. Zamu ya kibofu, saa 9 hadi 11 jioni, imepita, na haja ndogo sijapata nafasi tangu asubuhi.

Nimetoka saa 1 usiku, miguu imevimba, nguo zinanuka moshi. Kwenye basi nikasikiliza ujumbe wa sauti wa dada: shemeji mgongo unamuuma, nimwelekeze pointi ajichome mwenyewe kwa sindano ya cherehani. Nimemjibu kwa herufi kubwa: ASITHUBUTU. AENDE HOSPITALI.