Siku moja mezani na utumbo mwembamba

Saa 2:00 asubuhi. Chumba cha kupasulia maiti cha wanafunzi wa udaktari: madirisha na feni kwanza, miili baadaye. Mvuke wa formalini (dawa ya kuhifadhi maiti) ukilala ndani usiku kucha, mwanafunzi hulia kabla hajashika koleo.

Saa 3:00. Pazia la mafuta na utumbo mpana unaokingama vinalazwa juu ya kifua. Utumbo mwembamba unasukumwa kushoto. Mwanzo wa jejunamu (sehemu ya pili ya utumbo mwembamba) haubahatishwi: uko kwenye kona ya utumbo, kushoto kwa pingili ya pili ya kiuno. Hapo hufungwa uzi. Kundi lisilofunga hubishana saa nzima upande upi ndio juu.

Saa 4:00. Kazi yenyewe. Shina la mesenteri (mkunjo unaoushikilia utumbo kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo) lina sentimita 15 hivi, lakini hubeba utumbo wa karibu mita 6 (kwa aliye hai ni mfupi zaidi, misuli imekaza), ndiyo maana hujikunja kama marinda. Chana utandu wa upande wa kulia, kisha toa mafuta kwa ncha butu. Kisu weka kando; kitakata matao ya mishipa (mishipa ya damu iliyoungana kama upinde) kabla hujayaona. Ateri ya mesenteri ya juu (mshipa unaoupelekea utumbo damu) hutoka kwenye aota, mshipa mkuu wa damu kutoka moyoni, nyuma ya shingo ya kongosho, hupita mbele ya duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), halafu hutoa matawi 12 hadi 20 kushoto.

Saa 6:00. Mulika taa nyuma ya mesenteri, utofautishe jejunamu na ileamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba). Jejunamu ina tao moja au mawili, mishipa minyoofu mirefu, na katikati mwanga unapenya. Ileamu ina matao matatu hadi matano, mishipa mifupi, mafuta yameziba kila kitu. Unene wa ukuta hudanganya kwenye mwili uliotiwa dawa. Jibu lisilotaja matao silipi alama.

Saa 8:00. Duodeni hulishwa pande mbili, kutoka shina la siliaki (tawi jingine la aota) na ateri ya mesenteri ya juu, hivyo haikosi damu upesi. Bonge la damu linalotoka moyoni mara nyingi hukwama baada ya matawi ya kwanza ya ateri hiyo: daktari akifungua tumbo hukuta mwanzo wa jejunamu ukiwa salama, utumbo ulio mbele yake umekuwa mweusi.

Saa 9:00. Veni (mshipa unaorudisha damu), kulia kwa ateri. Hukatwa sana na wanaoharakia ateri.

Saa 10:00. Kitambaa kilicholowa juu ya kila tumbo. Mesenteri ikikauka, kesho mishipa hukatika kwa kuguswa tu.