Paka wangu alivyoshikwa na degedege, na swali aliloniuliza daktari

Ilikuwa Juni, ile baridi ya Uyole, Mbeya, ya kuogea mchana. Alfajiri naingia jikoni kuwasha moto, namkuta Zuhura chini ya kabati la vyombo, masikio yanamcheza bila kukoma kama anayefukuza nzi, na nzi hakuna. Ngozi ya mgongo inapwita. Nilipomwita alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkatalia. Akaanguka ubavu, akakakamaa, kisha akaanza kupiga miguu yote minne kama anakimbia. Mate yakamtoka, na mkojo.

Mama akasema amekula panya mwenye sumu, akaenda kuleta maziwa. Jirani akasema hicho ni kifafa, hana kupona. Mimi nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza hata paka ana uzito gani, akanipa antibayotiki ya sindano: "Jaribu hii." Nikalipa. Inaniuma mpaka leo, maana muda ule ulikuwa wa Zuhura.

Njiani nikampigia daktari anayetibu ng'ombe wa baba mdogo. Nilikuwa naona haya kumsumbua mtu wa ng'ombe kwa ajili ya paka.

"Shikamoo daktari. Samahani, ni paka."

"Marahaba mwanangu. Paka naye ni mgonjwa. Akianguka analegea, au anakakamaa?"

Akaniambia akilegea ghafla na kuinuka mara moja, mara nyingi shida iko kwenye moyo. Akikakamaa, akipiga miguu na kujikojolea, huyo ni wa degedege. Imechukua muda gani? Kwa hofu niliyokuwa nayo ningeapa ni dakika kumi. Akataka nitazame saa na nimrekodi kwa simu. Degedege liliporudi, nikiwa nimeshafika nyumbani, lilichukua dakika moja na sekunde ishirini. Likipita dakika 5, alisema, au yakifuatana bila fahamu kumrudia, hakuna kusubiri, unamleta hata usiku wa manane. Mkono usikaribie mdomo wake, paka hamezi ulimi. Maziwa tuyaache, yatamwingia kwenye mapafu.

Kisha akauliza: "Jana au juzi mmempaka nini?"

Nikasema hakuna. Mdogo wangu, yuko darasa la sita, alikuwa amesimama mlangoni kimya tangu asubuhi.

"Dada, nilimpaka ile ya ndama. Alikuwa anajikuna sana."

Niliinama nikamnusa Zuhura shingoni. Harufu ya josho, na manyoya yameshikana kama yamepakwa mafuta. Mtoto aliona viroboto, akachukua chupa ya dawa ya kupe, akampaka bila kuchanganya na maji. Kwenye chupa imeandikwa saipamethrini.

Nilipomsomea daktari jina hilo, sauti yake ilibadilika. Dawa za jamii hiyo zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, haya haya yanayolimwa Umalila. Ng'ombe na mbwa, ini lao huivunja. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha, hivyo sumu inabaki mwilini inachokoza mishipa ya fahamu. Dawa za viroboto vya mbwa zenye pamethrini nazo ni hivyo hivyo: mbwa anapona viroboto, paka anaweza kufa.

Tukamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Ya moto daktari alikataa kabisa, yanafungua ngozi dawa izidi kuingia, na ya baridi yangemzidishia kutetemeka. Tukamkausha, nikamfunga kwenye kitenge, tukapanda bajaji. Daktari aliitazama video mara mbili kabla ya kumgusa. Sumu hiyo haina dawa ya kuitengua, akaniambia, kazi ni kutuliza degedege na kumtunza mpaka imtoke. Akamchoma diazepamu, akamwekea dripu.

Alitetemeka siku mbili, na mdogo wangu alilala chini karibu na boksi lake usiku wote miwili. Sikumgombeza. Alitaka kumsaidia. Siku ya tatu Zuhura akala dagaa watano.

Daktari aliniagiza niwe na daftari: tarehe, saa, imechukua dakika ngapi, kabla yake alikula au alipakwa nini. Degedege likirudi bila dawa yoyote kuhusika, itabidi tupime figo na ini, na tufikirie kifafa chenyewe. Daftari liko juu ya friji, na kalamu yake. Tangu Juni sijaandika kitu.