Nilivyozipata picha za Isabel Cowper

Siku nyingi nilitamani kuziona kazi za wanawake wa mwanzo walioajiriwa kupiga picha za vitu vya kale. Nilipolipata jina la Isabel Agnes Cowper wa London, nikaingia kwenye tovuti ya makumbusho ya Victoria and Albert, ambayo enzi zake yaliitwa South Kensington Museum. Orodha ya vitu vyao iko wazi, hailipiwi.

Ugumu ni kwamba picha za namna hii zilikuwa kazi ya ofisi, nyingi hazikuwekwa jina la mpigaji. Aliyejulikana zaidi ni kaka yake, Charles Thurston Thompson, mpigapicha rasmi wa kwanza wa pale. Mimi nilizitambua za Isabel kwa tarehe. Charles alifariki Paris Januari 1868, Isabel akaishika kazi hiyo mpaka 1891. Picha iliyopigwa 1872 haiwezi kuwa ya marehemu! Ila nilikuwa makini: enzi hizo picha ilipigwa kwanza kwenye kioo, kisha ikachapwa kwenye karatasi, na kioo kilichopigwa zamani huweza kuchapwa tena baadaye, kwa hiyo nilitafuta mwaka wa kupigwa, si wa kuchapwa tu.

Nilipofika kwenye picha zake za lesi nilikwama, kwa raha. Nikakuza picha mpaka nikaona uzi unavyozunguka tundu, ua moja baada ya jingine. Na kumbuka zana za wakati ule: kioo kinapakwa kolodioni, majimaji ya kunata, kinachovywa kwenye nitrati ya fedha ili kishike mwanga, kinapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Ukichelewa, umekipoteza. Huyu mama alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, naye ni mjane tangu 1860, mwenye watoto wa kulea.

Baba yao, John Thompson, alikuwa fundi mashuhuri wa kuchonga michoro kwenye mbao kwa ajili ya kuchapa, na Isabel mwenyewe aliifanya kazi hiyo kabla ya kushika kamera. Naamini jicho lake la mistari myembamba lilitoka huko. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanasifu lesi, wanasifu makumbusho, yeye hatajwi.

Ukitaka kuanza, andika Cowper kwenye sehemu ya kutafutia, weka miaka 1868 hadi 1891, na usome maelezo ya kila picha mpaka chini. Anza na lesi.