Mafunzo kwa vitendo katika mji wa pwani: tuanze na mizani

Vijana wanaponiuliza namna ya kuchagua nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika utunzaji wa mazingira, hasa katika miji ya pwani, huwauliza kwanza kama huko wanakotaka kwenda kuna mizani. Wengi hutarajia niulize habari za cheti, posho au malazi, na hayo nayo ni mambo ya haki kabisa. Hata hivyo mimi, niliyeingia katika kazi hii kwa njia hiyohiyo na ambaye sasa nasimamia wanagenzi wengine, naamini kwa dhati kwamba mji hauwezi kupunguza taka ambazo haujui ni zipi wala ni nyingi kiasi gani. Kazi hiyo ya kupima inamfaa sana mwanagenzi, kwa kuwa wafanyakazi wa usafi wa kila siku hushinda wakikimbizana na magari na vizimba vya taka bila kupata nafasi ya kusimama na kuandika.

Kusafisha ufuko ni kazi njema, wala sisemi iachwe. Lakini ufuko uliosafishwa asubuhi hupokea taka nyingine maji yanapojaa, na sehemu kubwa ya taka hizo imetoka nchi kavu, ikapita katika mitaro na mito hadi baharini. Ni kweli kwamba vyombo vya baharini navyo huchangia, hasa kwa nyavu na kamba zilizokatika, ingawa kutupa plastiki kutoka melini kumepigwa marufuku tangu mwisho wa 1988, Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, kilipoanza kutumika. Mwanagenzi anayemaliza muda wake wote ufukweni huikuta taka imeshafika, ilhali uamuzi wa kuipunguza hufanyika sokoni, majumbani, hotelini na bandarini.

Ndiyo maana napenda mafunzo yaanzie kwenye turubai. Taka za siku moja kutoka mtaa mmoja humwagwa juu yake, na wanagenzi waliovaa glavu nene, buti na barakoa huzichambua: mabaki ya chakula na majani upande mmoja, karatasi, chupa, mifuko, vyuma, nguo na nepi kila kitu kwenye ndoo yake. Ndoo hutundikwa kwenye mizani, uzito wa ndoo tupu hutolewa, na namba huandikwa papo hapo, kwa sababu namba iliyoachwa iandikwe jioni huwa imeshabadilika kichwani. Sindano haziguswi kwa mkono hata mara moja. Huokotwa kwa koleo na kutiwa katika chombo kigumu chenye kifuniko. Asiyepata chanjo ya pepopunda, kwa maoni yangu, asikaribie turubai hilo.

Muda si mrefu kila mtu huona kwamba kinacholemea ndoo si plastiki. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mabaki ya chakula na ya mimea ni asilimia 44 ya taka za miji duniani, na plastiki ni asilimia 12. Mji unaotaka gari lake la taka lipunguze safari za kwenda dampo hauna budi kuanza na mboji, yaani mbolea itokanayo na mabaki hayo yakiozeshwa, na faida yake haiishii kwenye mafuta ya gari, kwani mabaki yanayooza yakiwa yamefukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani, inayochangia kwa nguvu kuongezeka kwa joto duniani. Kutengeneza mboji ni somo zuri kwa vitendo, maana lundo lenyewe humjibu mwanafunzi: likikaa baridi, huenda limekauka, ni dogo mno au lina majani makavu kupita kiasi, likitoa harufu kali ya amonia, linataka majani makavu zaidi na kupinduliwa. Lundo lililopangwa vizuri hupita nyuzi joto 55, na ukiingiza sepetu katikati mvuke huonekana ukipanda.

Hata hivyo mizani peke yake huificha plastiki, kwa kuwa ni nyepesi, na kwa hiyo ufukweni hatupimi uzito tu bali tunahesabu. Nchi za mkataba wa OSPAR, unaolinda bahari ya kaskazini-mashariki mwa Atlantiki, hutumia kipande cha ufuko cha mita 100 na kukirudia mara nne kwa mwaka, kila kipande cha taka kikiandikwa kwa aina yake. Kazi hiyo inachosha mgongo, lakini matunda yake yanajulikana. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria yake ya mwaka 2019 kuhusu plastiki za kutumika mara moja, ulilenga vitu vilivyoonekana kwa wingi zaidi katika hesabu za fukwe, na tangu Julai 2021 mirija, sahani, vijiko, vijiti vya pamba vya plastiki na vyombo vya chakula vya povu haviruhusiwi kuingizwa sokoni huko. Naona fahari kila ninapokumbuka kwamba sheria hiyo ilitegemea watu walioinama mchangani na daftari mkononi.

Linaloniuma ni kuona namba nzuri zikiondoka na mwanagenzi. Ripoti hupelekwa chuoni, hupewa alama, na mji unabaki kama ulivyokuwa. Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi, uliza nani katika halmashauri ya mji atazisoma takwimu zako, daftari litabaki kwa nani, na kama kundi litakalofuata litarudi mtaa uleule na ufuko uleule kupima upya. Uliza pia kama waokota taka wa mji huo wamo katika mpango na wanalipwa kwa muda wao, kwa kuwa wao wanajua tayari ni plastiki gani ina mnunuzi na ipi haina, na mpango wa kutenganisha taka uliowaacha nje huweza kuwanyima riziki yao.