Mchoro wa mchangani

Jana tulikuwa kwenye kijiji kimoja cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, mbali kidogo na mji wa Alice Springs, katikati ya nchi hiyo. Tulikwenda na michoro ya paneli za sola na bomba jipya la maji. Nikatandaza karatasi juu ya boneti ya gari. Bibi mmoja mzee akaitazama kimya, muda mrefu. Kisha akachuchumaa, akasawazisha mchanga mwekundu kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole: huku wanapita watoto, huku jua la jioni ni kali, na hapa, akagonga mara mbili, bomba lisipite kabisa. Ni mahali pa wahenga wao. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Bomba tumelihamisha. Mita zimeongezeka, gharama pia, na mimi naona ni haki yao.

Wametutangulia wengine katika kazi hii. Mradi wa Bushlight, ulioanza 2002, ulikuwa ukikaa na kila familia kupanga matumizi ya umeme wa sola kabla ya kufunga chochote. Waziri Mkuu wa Australia wa wakati huo, Kevin Rudd, aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008 kwa watoto wa wenyeji hawa walioporwa na serikali kutoka kwa wazazi wao. Radhi ile ilikuwa kubwa, lakini watu hawa bado wanahitaji maji safi bombani, na wanahitaji kusikilizwa yanapopangwa.

Jumatatu narudi na michoro mipya. Bibi kaniagiza majani ya chai na sukari, na kasema nisije na haraka.