Siku ya kuunga jamvi jipya na la zamani, Fuoni

Saa 12 asubuhi niko Mwanakwerekwe nasubiri daladala, drili begani, chai na boflo nishamaliza. Saa 1 na nusu vijana wanashindilia kifusi.

Mwenye nyumba anaongeza vyumba viwili nyuma. Kazi yangu ni kulishikanisha jamvi jipya, yaani sakafu ya zege, na la zamani, na sehemu yake kubwa ukija jioni huioni.

Saa 2 naanza kutoboa ubavu wa jamvi la zamani, katikati ya unene wake: tundu kila sentimita 40, kina sentimita 15, kwa nondo za milimita 12. Matundu 18. La saba, umeme ukakatika. Nikashika tindo na nyundo, nikauparuza ubavu wote ili zege jipya lipate pa kung'ang'ania.

Saa 4 umeme ukarudi, na mzee mwenye nyumba akatoka.

"Fundi, tokea asubuhi hujamwaga hata ndoo moja?"

"Mzee wangu, hili la zamani limeshakauka na kutulia. La leo bado litanywea, na kifusi chake kitashuka. Ufa mwembamba kwenye kiungo unaweza kutokea, lakini nondo hazitaacha upande mmoja ushuke."

"Mbona mafundi wengine wanamwaga tu?"

Nikamchukua hadi barazani kwake, palipoungwa bila nondo. Kidole changu kizima kilizama kwenye ngazi iliyojifanya pale, na vigae vimepasuka mstari mzima. Akanyamaza. Dakika mbili tu.

"Na hiyo pampu ya baiskeli?"

Napuliza tundu, nasugua kwa brashi, napuliza tena. Gundi ya kushikia nondo tunduni ikishika vumbi, nondo inachomoka nalo. Nilimweleza hayo mara tatu, drili mkononi, jua la utosi, mpaka adhana ya adhuhuri ikatutenganisha.

Tukaswali, tukala. Nondo nilizitia kabla ya chakula. Tuliporudi tukasubiri gundi ikaze sawasawa. Tukaurowesha ubavu wa zamani, maji yaliyotuama tukayafuta, ndipo zege. Mchanga wa shimo, si wa pwani. Chumvi inakula nondo.

Baada ya hapo saa sizijui tena. Koleo, ndoo, ubao wa kusawazishia. Mgongo ulikufa kabla ya alasiri, na bado tulishindilia zege kila kona ya kiungo, maana pale pakibaki tupu asubuhi yote imepotea. Nimeridhika nalo.

Magharibi mzee alikuja na magunia ya kufunikia, akauliza atamwagia maji siku ngapi. Saba, nikamwambia.

Daladalani konda alinirudishia chenji. Vidole vilikuwa vinatetemeka bado, sikuweza kuishika.